Askari Walipouliza: Ni Nini Kile Angani?

Wapwa zangu wa Nyegina, sogeeni karibu. Aliyeshika kiazi amalize kwanza, maana hadithi hii ina safari ndefu. Inaanzia hapa ziwani kwetu, Ziwa Victoria. Itapita Kilimanjaro, iteremke Kongo, ivuke bahari hadi Marekani, kisha irudi Afrika Mashariki kupumzika.

Mnajua usiku wa giza, mwezi usipotoka, ziwa letu huwaka taa. Taa moja, taa kumi, taa mia. Ni nani wale?

"Wavuvi wa dagaa, Mjomba!"

Hao hao. Wazee wao walitumia karabai, vijana wa leo wana taa za betri na za sola, lakini kazi ni ileile. Dagaa huufuata mwanga, na wavu unawasubiri. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hulala nyumbani, kwa sababu mwanga umeenea kila mahali na dagaa hawakusanyiki.

Sasa mleteni mgeni kutoka Dodoma, ambaye hajawahi kuliona ziwa usiku. Mpandisheni juu ya mawe. Usiku huo kuna ukungu, hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mgeni anaona nini? Anaona taa zinaelea hewani! Anapiga kelele: "Jamani, kuna vitu vinaruka!"

Je, mgeni amedanganya?

Hapana. Taa ameziona kweli. Zipo. Asichokijua ni taa za nani. Kuona ni jambo la kwanza. Kujua ulichokiona ni jambo la pili. Kati ya la kwanza na la pili kuna kazi, na kazi hiyo inaitwa uchunguzi.

"Mjomba, nani huifanya kazi hiyo?"

Umeuliza vema, mpwa wangu. Kuuliza si ujinga. Wako wataalamu wa nyota, wako marubani, wako polisi. Lakini mara nyingi kazi hiyo imewaangukia askari wa jeshi, na leo nawasimulia habari zao.

Kwa nini askari? Kwa sababu anga ya nchi ina wenyewe. Ndege ikiingia bila hodi, nchi inataka kujua ni ya nani. Mtu akisema "nimeona kitu angani", askari huwa na swali moja la haraka: Ni adui?

Mtoto naye ana swali lake. Swali la mtoto ni: Ni nini?

Yashikeni maswali hayo mawili, moja mkono wa kulia, moja mkono wa kushoto. Tutatembea nayo.

Haya, twendeni Kilimanjaro. Ni asubuhi ya tarehe 19 Februari 1951. Nchi yetu bado inaitwa Tanganyika na inatawaliwa na Mwingereza. Ndege ya abiria ya shirika la East African Airways imeondoka Nairobi, inakwenda Mombasa. Rubani wake ni Kapteni Jack Bicknell. Mara mtu wa redio ndani ya ndege anamwambia rubani: tazama kule! Juu ya Kilimanjaro, juu kuliko theluji, kuna kitu kinang'aa. Kimetulia tuli. Rubani anatazama. Abiria wanatazama. Dakika zinapita, kitu kipo palepale. Kisha kinapanda na kwenda zake. Walioona walisema kilikuwa kirefu, umbo la risasi, rangi ya fedha.

"Kilikuwa kikubwa kiasi gani, Mjomba?"

Hapo ndipo penye mtego! Kesho mkishuka ziwani, fanyeni hivi. Funga jicho moja. Nyoosha mkono. Weka kidole gumba mbele ya mtumbwi unaopita mbali. Mtumbwi uko wapi? Umepotea! Je, kidole chako ni kikubwa kuliko mtumbwi?

Chekeni, lakini msisahau. Jicho haliwezi kujua ukubwa wa kitu mpaka lijue umbali wake. Kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali huweza kulingana machoni. Na kule juu angani hakuna mti wala paa la nyumba la kupimia. Hata rubani mzuri, mwenye macho makali, akitaja urefu wa kitu asichokijua, anakisia tu. Hadanganyi. Anakisia.

Sasa teremkeni nami hadi Kongo, upande wa Katanga. Huko watoto wanazungumza Kiswahili kama ninyi, ingawa chao kina ladha yake. Mji mkubwa wa huko ni Lubumbashi. Mwaka 1952 mji huo uliitwa Elisabethville, na Kongo ilitawaliwa na Ubelgiji.

Mwaka huo gazeti moja la Vienna, mji mkuu wa Austria, lilisimulia kisa cha ajabu. Lilisema visahani viwili vya moto vimeonekana vikiruka juu ya migodi ya urani huko Katanga. Likasema askari rubani, Kamanda Pierre, wa uwanja mdogo wa ndege wa Elisabethville, alirusha ndege ya kivita akavifuata. Alikikaribia kimoja hadi kufika kama mita 120. Akakisia upana wake: mita 12 hadi 15. Katikati kimetulia, pembeni kinazunguka na kuwaka. Akakifukuza kwa dakika 15. Kisha visahani vyote viwili vikapiga mluzi mkali, vikachomoka moja kwa moja kuelekea Ziwa Tanganyika. Akakisia mwendo wake: kilomita 1,500 kwa saa.

"Ziwa Tanganyika? Si kwetu Kigoma huko? Mjomba, vilifika?"

Ha! Nilijua mtauliza. Gazeti halikusema. Lakini mimi nina shahidi mwingine wa kuwaletea. Ni karatasi. Nyamazeni, karatasi ina maneno yake.

"Mimi ni karatasi," inasema. "Nilipigwa taipu Marekani mwezi Agosti 1952. Wenyewe walioniandika ni watu wa CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Kazi yao mojawapo ilikuwa kusoma magazeti ya nchi nyingine. Siku moja wakalisoma lile gazeti la Vienna la mwezi Machi. Wakalitafsiri. Wakanipa namba. Wakaniweka kwenye kabati."

"Tangu nilipotoka kabatini watu wananibeba huku na huku. Wananipungia hewani. Wanasema: tazameni, CIA wamethibitisha! Nami nataka kupiga kelele, ila karatasi haina mdomo. Mimi sikuwahi kukanyaga Kongo. Sikumwona Kamanda Pierre. Sikuisikia ndege yake. Nilisikia kwa gazeti, na gazeti lilisikia kwa watu. Tena nimeandikwa usoni pangu kwamba habari hizi hazijapimwa. Kwa nini hawanisomi hadi mwisho?"

Asante, karatasi. Umesema kweli.

Mmesikia, wapwa zangu? Karatasi yenye namba ya serikali inaweza kubeba maneno ya barabarani. Namba inaonyesha nani aliyaweka maneno hayo. Haionyeshi kwamba alikwenda kuyahakikisha.

"Lakini Mjomba, kama hawakuhakikisha, waliyaweka ya nini?"

Leteni lile swali la mkono wa kulia. Ni adui? Urani ni madini yenye nguvu ya kutisha. Sehemu kubwa ya urani iliyotengenezea bomu lililotupwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945, ilichimbwa Shinkolobwe, hukohuko Katanga. Mwaka 1952 Marekani na Urusi ya Kisovyeti zilikuwa zinatiliana shaka. Kwa hiyo mtu akisema kuna kitu kimeruka juu ya migodi ya urani, hata kama ni gazeti la mbali lililosema, mjasusi hulikata na kuliweka. Hajali sana kisahani. Anajali mgodi. Swali lake si "ni nini?" Swali lake ni "nani anatuchungulia?"

Haya, tuvuke bahari. Tarehe 24 Juni 1947, rubani mmoja wa Marekani, Kenneth Arnold, alisema ameona vitu tisa vinavyong'aa vikipita kasi karibu na mlima Rainier. Magazeti yakaandika habari za visahani vinavyoruka. Wiki hazikupita nyingi, nchi nzima inatazama juu. Huyu ameona kisahani, yule ameona kisahani, hata aliyekuwa amelala ameona kisahani!

Jeshi la Anga la Marekani likasema: tuwe na ofisi ya kuchunguza. Ofisi ikaanza kazi mwaka 1948, ikabadilishwa jina mara mbili. Kuanzia mwaka 1952 ikaitwa Blue Book, yaani Kitabu cha Bluu. Ilikuwa katika kambi ya Wright-Patterson, jimbo la Ohio. Mkuu wake wa kwanza kwa jina hilo alikuwa Kapteni Edward Ruppelt. Wa mwisho alikuwa Hector Quintanilla. Haikuwa ofisi kubwa yenye mamia ya watu. Ilikuwa na maofisa wachache, makarani, na makabati.

"Mtu akiona kitu, wanamfanya nini?"

Wanampa fomu, mpwa wangu. Fomu ndefu! Ilikuwa tarehe gani? Saa ngapi? Ulitazama upande gani? Kilikaa muda gani? Kilitoa sauti? Chora picha yake hapa. Na swali moja naona mtalipenda: kama ungenyoosha mkono, kitu kile kingelingana na nini mkononi? Kichwa cha pini? Punje ya njegere? Sarafu? Mmeona? Wale askari nao walijua habari ya kidole gumba na mtumbwi.

Fomu zikafika. Zikajaa. Sasa wafanye nini nazo?

Mmemwona bibi akichambua maharage kwenye ungo? Anayamwaga. Kokoto anaweka huku. Maganda anaweka kule. Yaliyotobolewa na wadudu, kule. Maharage mazuri, sufuriani. Na mara chache hukutana na kidude ambacho si haragwe wala si kokoto. Anakigeuza. Anakinusa. Anakiweka pembeni ya ungo. Je, anasema, "Hili ni jino la simba"? Hasemi. Anasema, "Hiki sikijui."

Basi askari wa Blue Book nao walichambua. Chambua, chambua. Sayari ya Zuhura ing'aayo alfajiri, huku. Ndege za kawaida, kule. Maputo ya hali ya hewa, kule. Vimondo, kule. Watani waliorusha masufuria na kupiga picha, kule. Taarifa zisizo na saa wala mahali, peke yake.

Hadi ofisi inafungwa walikuwa wamechambua taarifa 12,618. Na zilizobaki pembeni ya ungo, zile za "hiki sikijui", zilikuwa 701. Yaani katika kila taarifa 100, kama 6 hivi.

"Kwa hiyo hizo 701 ni wageni kutoka kwenye nyota?"

Polepole, mpwa wangu! Bibi alisemaje? Alisema "sikijui". Hakusema "jino la simba". Kisichojulikana ni kisichojulikana. Ukikipa jina kabla hujakijua, umeacha kuchunguza.

Sasa kisa chenye huzuni kidogo, lakini mnapaswa kukijua. Tarehe 7 Januari 1948, jimbo la Kentucky, watu waliona kitu cheupe cha mviringo juu sana. Marubani wa jeshi waliokuwa wakipita na ndege zao wakaombwa wakitazame. Mmoja wao aliitwa Kapteni Thomas Mantell. Alikuwa na umri wa miaka 25. Wakapanda. Wakapanda. Huko juu hewa ni nyembamba, na mtu anahitaji oksijeni ya chupa. Wenzake wakarudi chini. Mantell akaendelea kupanda, akapita mita 6,700. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, kwa hiyo alikuwa juu kuliko kilele hicho. Oksijeni hakuwa nayo. Inaaminika alizimia. Ndege ikaanguka, naye akafariki.

Wachunguzi wakaulizwa: alikuwa anafukuza nini? Kwanza wakasema: sayari ya Zuhura. Lakini Zuhura mchana huonekana kwa shida sana, na watu hawakuridhika. Baadaye ikapatikana sababu inayokubalika zaidi. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa likirusha maputo makubwa yaitwayo Skyhook, yenye upana wa kama mita 30, ili kuchunguza anga ya juu kabisa. Mpango huo ulikuwa wa siri. Mantell hakuambiwa habari zake. Hata waliomtuma hawakuambiwa.

"Siri ndiyo iliyomponza?"

Siri, na hewa nyembamba, na moyo wa kutaka kujua usiokuwa na chupa ya oksijeni. Mwenye kuuliza lazima ajilinde. Siri nayo ina gharama yake. Mwezi Julai 1947, huko Roswell, jimbo la New Mexico, mabaki ya ajabu yaliokotwa shambani. Jeshi likasema ni kisahani, muda mfupi baadaye likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 ndipo Jeshi la Anga likaeleza kwa marefu: lilikuwa puto la mpango wa siri ulioitwa Mogul, wa kusikiliza kama Warusi wanajaribu mabomu ya nyuklia. Miaka 47 ilikuwa imepita! Kufikia hapo uvumi ulishajenga nyumba, ukaoa, ukazaa. Mkubwa akinyamaza muda mrefu mno, siku akisema kweli hakuna anayemsikiliza.

Ndani ya kazi hiyo ya uchunguzi kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa askari. Aliitwa J. Allen Hynek. Alikuwa mtaalamu wa nyota, na jeshi lilimwita awasaidie kutambua zipi ni nyota na zipi si nyota. Mwanzoni aliona mambo haya ni upuuzi mtupu. Alikuja kufuta taarifa, si kuzitunza.

Mwezi Machi 1966 watu wa Michigan waliona taa za ajabu karibu na kinamasi. Hynek akatumwa. Akasema huenda baadhi yake ni gesi ya kinamasi. Majani yakioza chini ya matope, kama yanavyooza mafunjo yetu ya ziwani, hutoa gesi, na gesi hiyo inaweza kuwaka. Magazeti yakacheka. Wenyeji wakakasirika sana.

"Walikasirika kwa nini, kama jibu ni zuri?"

Kwa sababu waliona wamefanywa wajinga. Walikuwa wamesema walichokiona kwa uaminifu, nao wakajibiwa upesi upesi. Mbunge mmoja kutoka Michigan, Gerald Ford, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, akadai Bunge lisikilize jambo hilo. Jeshi likawapa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Colorado kazi ya kupitia yote, wakiongozwa na Edward Condon. Mwaka 1968 walimaliza wakasema: kuendelea kuchunguza hakutaleta faida kubwa kwa sayansi. Tarehe 17 Desemba 1969 jeshi likatangaza kuifunga ofisi.

Likatoa majibu matatu. La kwanza: hakuna taarifa iliyoonyesha hatari kwa nchi. La pili: hakuna iliyoonyesha ufundi unaopita sayansi ya wakati huo. La tatu: hakuna ushahidi kwamba zile 701 ni vyombo kutoka nje ya dunia.

Tazameni jibu la kwanza. Limejibu swali gani?

"Ni adui?"

Sawasawa! Swali la mkono wa kulia limejibiwa. Si adui. Askari wakafunga kabati wakaenda kwenye kazi nyingine, na hatuwalaumu, kazi yao ni ulinzi. Lakini swali la mkono wa kushoto, "ni nini?", kwa zile 701 halikujibiwa. Hynek ndiye aliyebaki nalo. Yule aliyekuja kufuta taarifa alikuwa amebadilika. Aliona baadhi yake zilifungwa haraka mno. Mwaka 1973 akaanzisha kituo chake mwenyewe cha kuzisoma. Mafaili yenyewe yalipelekwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, na leo yeyote anaweza kuyasoma.

Swali la askari nalo lilirudi baadaye. Mwaka 2022 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilifungua ofisi mpya ya kuchambua vitu visivyotambulika, vya angani hata vya majini. Mwaka 2024 ofisi hiyo ikatoa ripoti ya kazi za miaka yote iliyopita, ikasema haikukuta ushahidi wa vyombo vya wageni kutoka nje ya dunia.

"Mjomba, mbona wote ni Wamarekani? Kwetu hakuna uchunguzi?"

Uko, tena uliopata jibu. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya, kitu kilianguka kutoka angani. Pete kubwa ya chuma! Upana wake mita 2.5, uzito wake kama kilo 500. Wanakijiji waliogopa. Lakini walitoa taarifa, polisi wakalinda mahali, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja kuichukua pete. Shirika hilo liko chini ya Wizara ya Ulinzi ya Kenya. Unaona? Swali la kulia na swali la kushoto yalikuja ndani ya gari moja.

Wataalamu waliikagua, wakasema kwa uchunguzi wa awali ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Roketi inapopanda, huachia sehemu zake moja moja. Sehemu hizo hutakiwa kuungua hewani au kuangukia baharini. Hii haikuungua, wala haikuiona bahari.

Kwa nini jibu lilipatikana upesi? Kwa sababu kitu kilikuwepo mkononi. Kinashikika, kinapimika. Taa iliyopita angani usiku haiachi chuma. Inaacha maneno ya walioiona tu. Kwa hiyo maneno yenu, wapwa zangu, ndiyo chuma chenyewe. Mkiyapindisha, mchunguzi hana kitu.

Hapa Nyegina tunajua thamani ya kuandika. Tunajua kwamba Mwalimu Julius Nyerere alibatizwa hapa misheni mwaka 1943. Tunajuaje? Hatukisii. Kuna mtu alichovya kalamu kwenye wino akaandika jina na tarehe siku ileile.

Basi, siku mkiona kitu msichokijua angani, fanyeni hivi. Kwanza msikimbie kwenda kusimulia. Andikeni saa. Andikeni upande: ni upande wa Musoma mjini, au upande wa Butiama, au juu ya ziwa? Nyoosheni mkono mpime: ni sawa na kucha, au na punje ya ulezi? Kilikaa muda gani? Kilikuwa na sauti? Kuna mawingu? Kisha chora.

Na kama mko wawili, kila mtu aandike peke yake kabla hamjaongea.

"Kwa nini, Mjomba? Si tusaidiane?"

Mkisaidiana mapema, kaka mwenye sauti kubwa atasema "kilikuwa chekundu", na mdogo aliyeona cheupe ataanza kukumbuka chekundu. Si mwongo, amemezwa tu. Andikeni kwanza, linganisheni baadaye. Mkitofautiana, msifute. Tofauti nayo ni habari.

Kikianguka kitu, msikiguse hata kama kinang'aa kama bati jipya. Chuma cha roketi kinaweza kuwa na mabaki ya sumu, na cha vita kinaweza kulipuka. Kaeni mbali, mwiteni mtu mzima, naye ampelekee habari mtendaji wa kijiji na polisi.

"Na wewe, Mjomba, unaamini kuna viumbe kwenye nyota nyingine?"

Aa, mpwa wangu, umenibana! Mbingu ni pana, na siwezi kuwaambia hakuna kitu kule. Lakini ushahidi wa kwamba wamekuja kwetu sijauona. Nikiletewa nitausoma hadi mwisho, hata ule mstari ambao watu huuruka.

Sasa kazi yenu. Wiki hii mwezi hautoki mapema, usiku utakuwa wa giza. Kaeni na watu wa nyumbani mtazame juu na ziwani. Kila taa mtakayoiona iandikeni. Ile inayocheza juu ya maji ni ya mvuvi. Ile inayopepesa na kubaki mahali pake kwa dakika nyingi ni nyota. Ile isiyopepesa, inayopita taratibu kimya kimya na kukata anga kwa dakika chache, ni satelaiti. Zikipita nyingi zimejipanga mstari mmoja, msiogope, hizo ni satelaiti za intaneti zilizorushwa pamoja.

Na ikibaki taa moja msiyoijua, msiipe jina. Andikeni saa, upande na muda wake, na mbele yake mwandike "sijui". Jumamosi mniletee daftari, tulichambue pamoja. Atakayeleta "sijui" iliyoandikwa vizuri, mimi ndiye nitakayempa kiazi kikubwa.